Mate Yamekauka, Mzizi wa Jino Unaoza: Njia Tano na Mtu Anayefaa Kila Moja

Jino la mzee mara nyingi halianzi kuoza juu, pale linapotafunia. Linaanza shingoni, pale fizi iliposhuka ikaacha mzizi wazi, na linaoza likizunguka, kimyakimya, bila maumivu ya kumkesha mtu. Siku moja anauma kitu laini tu, jino linakatika usawa wa fizi kama mti ulioliwa na mchwa shinani. Kipande kikiwa kiganjani ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Huyu anasema chingamu isiyo na sukari, yule anasema mate bandia ya kupuliza. Daktari mmoja wa meno anataja dawa ya meno kali kuliko ya kawaida, mwenzake anataka kupaka dawa inayoacha jino jeusi.

Zote ni njia za kweli. Ila hazifanyi kazi moja, na watu huzilinganisha kana kwamba zinafanya. Hapa nimeziweka kwenye mizani moja ili mwenye kuchagua ajue anachagua nini.

Kwa nini mzizi

Kichwa cha jino kimevikwa enameli, na takriban asilimia 96 ya uzito wa enameli ni madini. Mzizi hauna vazi hilo. Una tabaka jembamba la sementi ambalo mswaki mgumu unaweza kulikwangua likaisha, na chini yake ni dentini, yenye madini kama asilimia 70 tu. Kwa hiyo enameli huanza kuyeyuka pH ya mdomoni (kipimo cha asidi, ambacho namba ikishuka asidi imezidi) ikishuka hadi karibu 5.5, lakini mzizi huanza mapema, pH ikiwa bado kati ya 6.2 na 6.7. Maji safi ni 7. Ukiangalia namba hizo utaona jinsi mzizi unavyoishi ukingoni: mabaki kidogo ya mkate yaliyokwama shavuni yanatosha kuusukuma.

Kinachorudisha pH mahali pake ni mate. Yana bikaboneti ya kuzima asidi, kalisi na fosfeti ya kuziba palipoyeyuka, protini za kupambana na bakteria, na yanasukuma mabaki ya chakula kuelekea kooni. Mtu mzima mwenye afya hutoa nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na akilala usingizi hutoa kidogo mno. Ukitaka kuona kazi yake kwa macho, tazama meno ya mbele ya chini. Mirija ya tezi za chini ya taya inafungukia nyuma yake, chini ya ulimi, kwa hiyo meno hayo huogeshwa mate kutwa nzima na kwa kawaida huwa ya mwisho kuoza. Ukikuta hayo ndiyo yanaoza shingoni, mate yameadimika sana.

Swali linalotangulia njia zote

Uzee wenyewe si mkosaji mkuu. Mkosaji wa kawaida yumo kwenye mfuko wa dawa. Amitriptilini ya sonona, dawa za mzio za kizazi cha zamani kama klorofeniramini, oksibutinini ya kibofu, dawa za kupunguza maji mwilini, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini: kila moja hukausha mdomo kwa namna yake, na mzee mwenye magonjwa matatu huwa nazo kadhaa kwa pamoja. Wapo pia ambao tezi zenyewe zimeumizwa, kwa mionzi ya saratani ya kichwa na shingo au kwa ugonjwa wa Sjögren, ambamo kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huongeza ukavu.

Usimwachishe mzee dawa kwa sababu ya mdomo. Chukua orodha nzima, uipeleke kwa aliyeziandika, uulize mambo mawili: je, kuna mbadala usiokausha hivi, na je, dozi au saa ya kumeza inaweza kubadilishwa? Kwa kibofu, kwa mfano, ipo mirabegroni, ambayo haikaushi mdomo kama oksibutinini, ingawa haimfai mwenye presha ya juu sana isiyodhibitiwa. Mazungumzo hayo ya dakika kumi yakizaa matunda, nusu ya makala haya hutaihitaji.

Vigezo nilivyotumia

Vigezo ni vitano. Cha kwanza, njia hii inafanya nini hasa: inaleta faraja, au inalinda jino? Cha pili, inategemea mate kiasi gani? Cha tatu, kazi iko mikononi mwa nani? Cha nne, kero na hatari zake. Cha tano, inamfaa nani.

Kigezo cha pili ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, na unaweza kukianzia nyumbani kwa kikombe kidogo na bomba la plastiki la kupimia dawa ya maji, lile lisilo na sindano. Mzee asile wala asinywe kitu kwa saa moja au zaidi. Akae wima, ainamishe kichwa kidogo, asimeze, na kila mate yakikusanyika ayateme kwenye kikombe. Baada ya dakika 5 yavute kwa bomba uyapime. Mtu mwenye mate ya kawaida hutoa mililita 1.5 hadi 2 hapo. Chini ya mililita 0.5, yaani sehemu ya kumi ya kijiko cha chai, ni ukavu wa kitabibu. Sasa rudia, safari hii akitafuna chingamu isiyo na sukari kwa dakika 5 nyingine huku akitema. Yakija mengi, tuseme mililita 5 na kuendelea, tezi zimelala tu na zinaamka zikiitwa. Yakibaki chini ya mililita 3.5, haziitiki vizuri. Yasipokuja kabisa, huenda hazipo kikazi.

Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari. Faida yake ni kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku: kuhisi ukavu na kuwa mkavu. Wapo wanaolalamika ukavu na kikombe kinajaa vizuri, na wapo wasiolalamika hata kidogo ilhali kioo cha daktari kinanata shavuni.

1. Kuchochea mate: chingamu na vidonge

*Inafanya nini.* Inaleta mate halisi, na mate halisi yanalinda. Kutafuna huongeza mtiririko mara kadhaa, na mate yanayokuja kwa kutafuna yana bikaboneti nyingi kuliko yale ya kupumzika. Chingamu yenye zailitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ina faida ya ziada kwamba bakteria wanaoozesha meno hawawezi kuigeuza asidi. Kwa ambao kutafuna hakutoshi, ipo pilokapini ya kumeza, kwa kawaida miligramu 5 mara tatu kwa siku, inayoandikwa na daktari kwa walioathiriwa na mionzi au ugonjwa wa Sjögren. Huchukua wiki kadhaa, hata 12 kwa waliopigwa mionzi, kabla hujaihukumu.

*Inategemea mate.* Kabisa. Tezi zisipoitika, chingamu ni zoezi la taya.

*Mikononi mwa nani.* Mwa mzee mwenyewe: dakika kama 20 kila baada ya mlo, akiwa na meno ya kutafunia na akili ya kukumbuka kutomeza. Kwa mwenye meno ya bandia, chingamu hunata na kuyavuta. Vidonge vya kumung'unya visivyo na sukari humfaa zaidi.

*Kero.* Zailitoli ikizidi huharisha. Na kama kuna mbwa nyumbani, iweke mbali naye, kwa maana kwake ni sumu inayoua. Pilokapini humtoa mtu jasho, humpeleka chooni mara kwa mara, na haitolewi kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa wala ugonjwa wa macho wa glakoma ya pembe nyembamba. Moyo nao uangaliwe kwanza. Kuna kichekesho kimoja nisichokicheka: mzee anayemeza oksibutinini asubuhi na pilokapini mchana. Moja inazima tezi, nyingine inaziamsha, na zote zinalipiwa.

Vidonge vikali vya ndimu visimdanganye mtu. Vinaleta mate, ndiyo, lakini vinaleta na asidi, na mzizi hauvumilii. Pipi ya sukari ni mbaya zaidi. Mzee anayeamka saa nane za usiku, ulimi umeganda kwenye kaakaa, akaingiza pipi shavuni na kulala nayo, anatibu ukavu kwa kitu kinachoozesha, saa ambayo mate hayapo ya kumtetea. Ukiona mizizi ya upande mmoja imeoza kuliko ule mwingine, uliza kwa upole pipi hukaa shavu lipi.

*Inamfaa* mwenye tezi zilizolala, hasa kwa sababu ya dawa anazotumia, ambaye bado anajitegemea.

2. Mate bandia: jeli, dawa ya kupuliza, kimiminika

*Inafanya nini.* Inalainisha. Nyingi hutengenezwa kwa selulosi iliyorekebishwa ili kuleta utelezi, ulimi usikwaruze na maneno yatoke. Faraja yake ni ya kweli. Mtu aliyeshindwa kumeza kitu kikavu bila maji, au aliyeacha kuzungumza mbele za watu kwa kuwa midomo inanata, ataithamini. Ila hakuna ushahidi imara kwamba peke yake inazuia mizizi kuoza, na hili lisemwe wazi dukani.

*Inategemea mate.* Hapana, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: humfaa hata asiye na tone.

*Mikononi mwa nani.* Yeyote. Mlezi anaweza kupaka jeli kwa kidole kilichovikwa glovu: shavuni, juu ya ulimi, chini ya meno ya bandia.

*Kero.* Haidumu. Ya kupuliza huisha upesi, jeli hukaa zaidi, ndiyo maana jeli ni ya usiku. Soma kibandiko: baadhi zina asidi ya sitriki ya kuongeza ladha, na hizo ziwaendee wasio na jino hata moja. Mwenye meno atafute isiyo na asidi, na yenye floridi ikipatikana. Baadhi zina musini, protini ya utelezi, inayotoka tumboni mwa nguruwe, kwa hiyo asiyetumia kitu cha nguruwe aulize kabla ya kununua.

*Inamfaa* yeyote mkavu, kama nyongeza. Asiye na meno kabisa anaweza kuifanya njia yake kuu.

3. Dawa ya meno yenye floridi 5000

Dawa ya meno ya kawaida ina floridi ya ppm 1000 hadi 1500, yaani sehemu hizo kwa milioni. Hii ina 5000, na katika nchi nyingi huandikwa na daktari.

*Inafanya nini.* Inalinda jino moja kwa moja. Floridi huingia palipoanza kulainika, husaidia madini kurudi, na tabaka linalojengeka hustahimili asidi kuliko la awali. Mzizi uliokuwa laini unaweza kuwa mgumu tena bila kuchongwa. Mwongozo wa 2018 wa chama cha madaktari wa meno cha Marekani kuhusu kutibu kuoza bila kuchonga uliitanguliza kwa mizizi, itumike angalau mara moja kwa siku.

*Inategemea mate.* Kwa kiasi, na hili watu hulisahau. Floridi ni fundi, lakini matofali, yaani kalisi na fosfeti, huletwa na mate. Mdomo mkavu kabisa unamwacha fundi na vifaa haba. Bado anafanya kazi, ila polepole, na ndiyo sababu wakavu sana huhitaji kuitumia mara nyingi zaidi au kuiunganisha na njia nyingine.

*Mikononi mwa nani.* Hapa ndipo inaposhinda au kushindwa: inahitaji mkono wa kila siku. Kiasi cha punje ya njegere, mswaki laini ulioinamishwa kuelekea fizi, na mwishoni mtu ateme bila kusukutua kwa maji. Kusukutua ni tabia tuliyofundishwa utotoni, lakini kunaimwaga floridi kwenye sinki. Mara ya usiku ndiyo isiyokoswa, kwa kuwa kinachobaki kwenye meno kitakesha humo bila mate ya kukisafisha.

*Kero.* Si ya watoto, kwa hiyo isikae kwenye kikombe kimoja na miswaki ya wajukuu. Anayemeza kila kitu kwa kupotewa na kumbukumbu apewe kidogo mno, mlezi akiwa karibu. Povu nalo: dawa nyingi za meno zina sodiamu laurili salfati, inayowasha mdomo mkavu. Mzee akisema dawa inamuunguza, usimwone msumbufu. Tafuta isiyo na kemikali hiyo.

*Inamfaa* anayeweza kupiga mswaki vizuri mwenyewe, au aliye na mlezi wa kumpigia kila siku bila kukosa.

4. Vanishi ya floridi

*Inafanya nini.* Kazi ileile ya kulinda, kwa tabaka la kupakwa lenye kipimo kikubwa zaidi, ppm 22,600, linaloachwa juu ya jino liachilie floridi taratibu.

*Inategemea mate.* Kwa kupakwa, la, na unyevu kidogo hauiharibu. Kwa kujenga upya, kama ilivyo kwa dawa ya 5000.

*Mikononi mwa nani.* Mwa mtaalamu, kila baada ya miezi 3 hadi 6, na kwa mdomo mkavu ningeshikilia mitatu. Huchukua dakika chache na inaweza kupakwa mzee akiwa kwenye kiti cha magurudumu au kitandani. Anayesahau mswaki hasahau vanishi, maana haimhitaji yeye kukumbuka chochote.

*Kero.* Meno hubaki na rangi ya manjano na mguso wa ganda kwa siku hiyo, mtu hukwepa vitu vigumu na vya moto kwa saa chache na kuahirisha mswaki kama alivyoelekezwa. Nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa msonobari, kwa hiyo mwenye mzio wa utomvu huo, au aliyewahi kulazwa kwa pumu, aseme kabla ya kufungua mdomo.

*Inamfaa* mwenye mizizi wazi iliyoanza kulainika lakini haina mashimo makubwa, ambaye mkono wa kila siku hauaminiki.

5. SDF, dawa ya fedha na floridi

Hii ndiyo inayozua ubishi kwenye familia, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

*Inafanya nini.* Inasimamisha kuoza kulikokwisha kuanza, hata palipo na shimo. Kimiminika cha asilimia 38 kina floridi ya ppm 44,800 na madini ya fedha kwa wingi. Fedha huua bakteria, floridi huimarisha kilichobaki. Mtaalamu anakausha jino kwa pamba, anachovya kibrashi kidogo chenye ncha kama ya njiti ya kiberiti kwenye tone moja, anapaka shimoni, anasubiri hadi dakika moja. Hakuna sindano wala mashine ya kutoboa. Kabla ya hapo, ukikandamiza mzizi kwa ncha ya chuma inazama kidogo kama kwenye ngozi iliyolowa. Wiki chache baadaye, ikiwa dawa imeshika, ncha ileile inateleza kama juu ya kioo.

*Inategemea mate.* Kidogo kuliko zote za floridi, kwa kuwa fedha haihitaji matofali ya mate ili kuua bakteria.

*Mikononi mwa nani.* Mwa mtaalamu, na hurudiwa, kwa mizizi angalau kila mwaka. Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2021 kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya kawaida ya meno yenye floridi na saruji ya glasi ayonoma ya kuzibia.

*Kero.* Palipooza panakuwa peusi, na weusi hautoki. Hii si ajali, ndiyo alama kwamba imefanya kazi. Ikigusa mdomo au shavu huacha doa linalofifia lenyewe baada ya siku kadhaa, kwa hiyo midomo hupakwa mafuta kwanza. Iodidi ya potasiamu ikipakwa juu yake hupunguza weusi, lakini mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo aulize kwanza. Haitumiki kwa mwenye mzio wa fedha wala mdomo wenye vidonda wazi, na haimsaidii jino linalouma usiku kucha au lenye usaha. Hilo limeshavuka hatua hii.

Kuhusu rangi, muulizeni mwenye jino. Nimeona watoto wakikataa kwa niaba ya mama, eti atatishika, na mama alipoonyeshwa picha akauliza tu kama itauma. Jino la nyuma, asiloliona mtu, pengine halistahili kikao cha familia. La mbele linastahili.

*Inamfaa* mwenye mashimo mengi kwa wakati mmoja, asiyestahimili kuchongwa, mwenye kumbukumbu iliyopungua, au anayesubiri matibabu makubwa na hataki kuoza kuendelee wakati wa kusubiri.

Na kuziba je?

Kuziba hujaza shimo. Hakubadilishi mdomo uliolizaa. Mzizi uliozibwa katika mdomo uleule mkavu utaoza tena pembeni mwa kizibo. Palipo na shimo linalokusanya chakula, saruji ya glasi ayonoma hushika vizuri kwenye dentini yenye unyevu na huachilia floridi. Lakini ilinde kwa mojawapo ya njia zilizotajwa.

Ukiwa katika hali gani, uanzie wapi

Anayejitegemea, anayetumia dawa zinazokausha, ambaye kipimo cha pili kilijaza kikombe: orodha ya dawa kwa daktari kwanza, chingamu baada ya mlo, maji kando ya kitanda badala ya pipi. Mizizi ikiwa wazi lakini migumu, dawa ya meno ya kawaida mara mbili kwa siku na vanishi vinaweza kumtosha. Ikianza kulainika, apande kwenye 5000.

Mikono inayotetemeka au vidole vilivyokazwa na baridi yabisi: mswaki wa umeme au mpini ulionenepeshwa kwa kitambaa kilichofungwa, dawa ya 5000, na vanishi ya kuziba mapengo ya siku mbaya.

Kumbukumbu imekwenda: usiweke tumaini lote kwenye mswaki. SDF palipooza, vanishi palipobaki, na mlezi afanye anachoweza. Simama nyuma ya kiti, kichwa chake kikiegemea kifuani pako, kidole kimoja kikiinua mdomo wa juu, mswaki ukipita polepole pale fizi inapokutana na jino, kwa kuwa hapo ndipo ukoga unapoganda. Akifunga mdomo, acha, rudi baada ya nusu saa. Mapambano ya asubuhi humfanya akatae na jioni.

Anayekwenda kuanza mionzi ya kichwa na shingo: amwone daktari wa meno kabla ya siku ya kwanza, si baada. Meno yasiyo na matumaini hung'olewa mapema, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida. Baada ya hapo floridi kali huwa ya kila siku bila kikomo kinachojulikana, wakati mwingine kwa jeli inayowekwa kwenye kibebeo kilichotengenezwa kwa umbo la meno yake. Pilokapini ijadiliwe, jeli ya mate bandia iwe ya usiku. Mwenye Sjögren hufuata karibu njia hiyohiyo, na kwake kipimo cha kikombe kirudiwe mara kwa mara, maana tezi zinazoitika mwaka huu zinaweza kunyamaza mwaka ujao.

Asiye na jino hata moja: floridi haina cha kulinda. Mate bandia, meno ya bandia yatolewe na kusafishwa kila usiku, na ulimi pamoja na kaakaa vikaguliwe kwa wekundu au utando mweupe, kwani fangasi hupenda mdomo mkavu.

Aliye kitandani na hali yake ni ya kutunzwa tu: jeli midomoni na ulimini kila saa chache akiwa macho, kitambaa chenye maji kwenye fizi, na SDF mara moja kwa jino lililooza ambalo bado haliumi, likikubaliwa. Meno mengine yaacheni. Akikataa dawa ya meno kwa sababu ya povu, mswaki uliolowa maji matupu bado unaondoa ukoga.